Dada, sitisha hiyo oda ya vifungashio kwanza

Umesema unga wa lishe, Morogoro, andiko la mkopo wa halmashauri linataka dira (unakotaka kufika) na dhamira (unafanya nini na kwa nani), umepata mshauri anakuandikia zote kwa laki tatu na Jumatatu unapeleka oda ya vifungashio, dhamira ikiwa imechapwa nyuma ya paketi. Halafu unauliza iwe na maneno mangapi, Kiingereza au Kiswahili, dira na dhamira zinatofautianaje, na logo iwe rangi gani. Salamu baadaye. SITISHA ODA.

Mimi ndio nilikuwa wewe mwaka 2021, Mbagala, mashine ya kusaga ya kukodi na ulezi gunia moja. Nikakutana na jamaa wa suti kwenye semina ya wajasiriamali (sambusa zilikuwa nzuri, nadhani ndizo zilizonilainisha), akaniambia biashara bila dhamira ni daladala bila kibao. Nikaingia kingi, laki nne. Hakuuliza namuuzia nani, hakuonja hata uji, yeye anauliza tu "mnajiona wapi miaka kumi ijayo", mnajiona nani sasa na nipo mimi na shemeji yangu anayepepeta. Siku ya tatu naletewa: "Kuwa mtoa suluhisho kinara wa lishe Afrika Mashariki na Kati kwa kutokomeza utapiamlo, kisukari na presha kupitia ubunifu na ubora usioyumba." Afrika Mashariki na Kati! Unga wenyewe ulikuwa haujavuka Kongowe. Baadaye nikaiona dhamira hiyohiyo kwa dada mmoja wa sabuni, kabadilishiwa lishe ikawa usafi.

Ila laki nne ningesamehe. Kilichoniua ni kwamba niliiamini nikaichapa. Hizi paketi za kuchapwa kiwandani kila rangi ina silinda yake ya kuchapia na unailipia wewe, rangi nne silinda nne, na hawakuchapii mia mbili hao, wanataka maelfu, nikachukua 6,000. Ukijumlisha na silinda ikaenda milioni tatu na ushee, humo ndani kuna hela ya VICOBA ya mke wangu, hapo niishie, ndoa bado naipenda.

Sasa naenda kufuatilia alama ya ubora. Mkaguzi, mama mtu mzima, anageuza paketi, anavaa miwani, anasoma polepole midomo inacheza, ananiangalia: "Mwanangu, huu ni unga au ni dawa?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Kumbe chakula huruhusiwi kukiandika kwamba kinakinga au kinatibu ugonjwa, mwongozo wa Codex, zile kanuni za kimataifa za chakula, unasema hivyo tangu 1979 na mtu anayejiita mshauri hajui! Yule mama alikuwa sahihi na sina neno naye. Ninalo na yule wa suti, nilimpigia akaniambia "hiyo ni lugha ya kimkakati tu kaka". Lugha ya kimkakati imejaa sebuleni kwangu hadi watoto wanakula jikoni.

Tukasema tubandike stika kuyafunika hayo maneno. Usiku mimi, shemeji na mwanangu wa darasa la tano, paketi baada ya paketi. Joto la Dar unalijua, stika kwenye plastiki ikikaa dukani siku mbili pembe inakunjuka, na kwenye ile pembe kinachochungulia ni neno moja tu, "kisukari". Nani atamnunulia mtoto uji ulioandikwa kisukari? Maduka matatu yakanirudishia mzigo wiki moja.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sibishani na mtu: binti anayekuuzia dukani asipoweza kuisema dhamira bila kuisoma, usiichape popote, hata kwenye risiti. Na huipati kwa mtu wa suti. Mimi nilikaa kwenye benchi la duka wiki nzima nasikiliza, mama mmoja akasema "wako nauchukua kwa sababu hauna karanga, ule mwingine ukikaa unakuwa mchungu mtoto anatema". Na kweli, karanga ina mafuta, ukishaisaga ikakaa kwenye joto inachacha, bado hujagusa habari ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Mimi karanga niliitoa kwa sababu bei ilipanda, sio akili hahaha. Basi nikaandika: "Tunasaga unga wa uji wa watoto usio na karanga, kila Jumanne na Ijumaa, kwa akina mama wa Mbagala." Imeisha hiyo. Jamaa akaja anataka tusage na chakula cha kuku kwenye mashine ileile, hela nzuri tu, binti wa dukani ndiye akamjibu kabla yangu: "Sisi tunasaga uji wa watoto." Mwenye kinara wa Afrika Mashariki na Kati angekubali hadi kokoto.

Kwenye andiko lako weka sentensi ya hivyo. Wewe umeshauza paketi ngapi hadi sasa na wanaorudi wanasema nini? Hukuandika hilo popote.

Paketi zangu zimebaki kama elfu moja, mama mkwe anawekea choroko. Huyo mtu umeshampa advansi? Nijibu leo.