Dizeli mpya Malindi: kilomita 1,500 kabla ya kufunga trela

Ukichukua pikapu mpya ya dizeli hapa Malindi, kila mtu atakupa neno moja tu: usiikimbize. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Dizeli mpya huharibika kwa kudekezwa kama inavyoharibika kwa kutumikishwa kupita kiasi. Anayetambaa nayo mjini mwezi mzima kwa gia kubwa, akiiacha inanguruma nje ya duka ili kiyoyozi kisizime, anajitengenezea gari la kula oili. Na anayeifunga trela ya boti wiki ya kwanza anajitengenezea gari la kupiga kelele nyuma. Kazi yako ni kupita katikati ya hao wawili, na hilo halitaki ufundi mwingi. Lataka uelewe kinachoendelea ndani.

Ukuta wa silinda mpya haujalainishwa kama kioo. Kiwandani huchanjwa mistari myembamba inayokatana, mfano wa wavu wa dagaa. Mistari ile hushika oili, na vilele vyake husuguana na ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoizunguka, mpaka vizoeane. Sasa, ringi haibanwi ukutani na unyumbufu wake peke yake. Moto unapolipuka juu ya pistoni, gesi huingia nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Mzigo ukiwa mdogo, msukumo nao huwa mdogo: gesi huvuja kwenda chini, oili hupanda juu, huungua, na kuacha utando mgumu wa kahawia unaofukia ile mistari. Silinda iking'aa hivyo, hakuna oili ya bei wala dawa ya chupa itakayoirudisha. Ni kufungua injini na kuchanja upya.

Upande wa pili, ukikanyaga mafuta mpaka chini ilhali ringi hazijakaa, sehemu chache zinazogusana hushika moto kupita kiasi, oili hapo hukatika, na chuma hukwaruza chuma. Michirizi ikishaingia haifutiki.

Kitabu cha gari lako ndicho cha kufuatwa kwanza. Toyota, kwa mfano, huandika hivi: kilomita 300 za mwanzo usifunge breki za ghafla, kilomita 800 usivute trela, na kilomita 1,000 usiende mbio sana, usikanyage mafuta ghafla, wala usishike mwendo mmoja kwa muda mrefu. Hicho ndicho kiwango cha chini. Kwa boti nzito na joto la pwani, ni salama zaidi kungoja hadi 1,500.

Asubuhi washa, hesabu kama nusu dakika oili ipande, kisha ondoka polepole. Usiiache isimame ikipata moto. Dizeli iliyosimama huchukua muda mrefu mno kupata joto, na ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa ringi mpya. Mshale wa joto ukishafika mahali pake pa kawaida, oili bado iko nyuma yake kidogo, kwa hivyo ongeza kilomita tano hivi kabla ya kukanyaga kwa nguvu.

Hapo ndipo kazi inaanza. Shika gia ya nne kwenye kilomita 60 kwa saa, kanyaga pedali mpaka kama robo tatu, ipeleke hadi 90, halafu achia mguu kabisa na uiache irudi 60 yenyewe ikiwa ndani ya gia. Rudia mara nane au kumi barabara ikiwa wazi. Mvuto ule ndio unaozikalisha ringi, na kule kuachia huzipa nafasi ya kupoa. Mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika uchezee kati ya 1,500 na 2,500. Ukipita kilomita 500 unaweza kugusa mizunguko 3,000 kwa muda mfupi.

Kosa linaloonekana kila siku ni kugugumiza injini: dereva anatoka kwenye tuta na gia ya tano, mizunguko 1,100, pedali iko chini, gari linatetemeka lakini hataki kurudisha gia kwa sababu anadhani analionea huruma. Pale nguvu ya mlipuko ni kubwa, mzunguko ni mdogo, na msukumo wa oili uko chini, kwa hivyo beringi za kranki zinapigwa nyundo. Rudi ya tatu. Kama ni otomatiki, tia kwenye upande wa kuchagua gia kwa mkono.

Barabara ya Kilifi ni mwalimu mzuri. Ni kama kilomita 60, na Gede, Matsangoni na matuta yake vitakulazimisha kubadilisha mwendo upende usipende. Barabara ya Garsen ndiyo yenye mtego. Ukishavuka daraja la Sabaki, ukapita Mambrui, Gongoni na viwanda vya chumvi vya Marereni, mbele ni tambarare na nyoofu, na mguu hulala. Zima kile kifaa cha kushikilia mwendo, kisha nenda 70, panda 95, rudi 80, kila dakika chache. Mchangani usiingie kabisa kwa sasa. Mchanga ni gia ndogo, mizunguko mingi, mzigo mkubwa na upepo haba mbele ya rejeta, yaani makosa yote kwa pamoja.

Difu, yaani lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, husahauliwa na wengi, na kwa anayetaka kuvuta trela ndiyo inayoumia mapema. Meno yake huteleza yakisagana, hayabingiriki tu, na yakiwa mapya hutoa joto jingi mpaka yalainishane. Safari tatu za mwanzo, kila baada ya kilomita 25 au 30, simama robo saa. Sogeza kiganja karibu na tumbo la difu bila kuligusa. Kuhisi joto ni kawaida. Harufu ya oili inayoungua si kawaida. Ukifika kilomita 1,500 mwambie fundi aimwage oili ya difu na kutia mpya ya aina iliyoandikwa kitabuni. Tazama boliti yenye sumaku: ukikuta lami ya kijivu laini kama uji mzito, huo ni unga wa chuma wa kuzoeana. Ukikuta vipande unavyoweza kuokota kwa ukucha, usifunge trela. Rudisha gari kwa aliyekuuzia, na vipande uvifunge kwenye karatasi uende navyo.

Breki nazo hutaka kuzoeshwa. Punguza mwendo kutoka 60 hadi 20 kwa kukanyaga kwa kadiri, acha zipoe kwa kilomita moja, rudia. Usisimame ukiwa umeikandamiza pedali wakati diski zina moto, maana pedi huacha alama mahali pamoja na usukani utatikisika baadaye.

Kijiti cha oili kipimwe kila kilomita 300 hivi, gari likiwa sawa na ardhi na injini imezimwa dakika tano au zaidi. Oili ya dizeli kuwa nyeusi mapema kusikutishe. Kupungua kidogo mwanzoni pia ni kawaida, mradi kupungua kwenyewe kupungue kadiri kilomita zinavyozidi. Kinachotakiwa kukutisha ni oili kupanda. Gari lenye filta ya masizi kwenye ekzosi huichoma filta hiyo lenyewe kwa kuongeza dizeli. Ukizima kila mara kabla halijamaliza, kama wafanyavyo wanaozunguka baina ya nyumbani na sokoni, ile dizeli huteremka kwenye oili na kuiyeyusha. Taa ya filta ikiwaka, nenda Gede na urudi bila kuzima.

Mafuta nunua penye uhakika. Januari 2015 kiwango cha salfa kwenye dizeli ya Kenya kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, ila kiwango hicho hakizuii maji kuingia kwenye mtungi wa kando ya njia. Hapa pwani unyevu hugeuka matone ndani ya tangi tupu usiku, kwa hivyo jaza jioni badala ya asubuhi. Chini ya filta ya dizeli huwa pana skrubu ya kumwagia maji. Kingia chupa inayoonyesha ndani, legeza, acha itiririke, kisha iweke chupa ikae. Maji yatazama chini, dizeli itaelea.

Mzigo uongezwe kwa ngazi. Mpaka kilomita 500, watu wawili na mizigo midogo. Kutoka 500 hadi 1,000, kilo 300, ambazo ni mifuko sita ya saruji iliyopangwa karibu na kabini. Kutoka 1,000 hadi 1,500, mzigo nusu ya uwezo wa gari. Hapo sasa funga trela, na safari ya kwanza iwe Watamu na kurudi, si Nairobi. Nenda kwa 70, na usitumie gia ya juu kabisa. Baada ya kilomita 50 kaza nati zote za magurudumu, za gari na za trela, kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kwa sababu rangi mpya chini ya nati hukandamizika na nati hulegea.

Uzito unaokaa juu ya kirungu cha kuvutia trela nyuma ya gari uwe kama asilimia 10 ya uzito wa trela na boti. Boti na trela vikiwa kilo 1,200, mkono wa trela upime kama kilo 120. Weka mkono huo wa trela juu ya mizani ya duka, kwenye kimo kile kile cha kirungu, usome. Ukiwa mwepesi mno trela itaanza kuyumba nyuma yako kwenye 80. Sogeza boti mbele kidogo, au hamisha matangi ya mafuta na nanga.

Safari ya Nairobi ikija, mlima huanza Mazeras. Rudisha gia mapema kabla mizunguko haijashuka, na ukisimama baada ya mlima acha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili iendelee kupoza tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini.

Na ufukweni: ukifika umetoka mbali, habu za trela, yaani vitovu vya magurudumu yake, zina moto. Ukizitumbukiza kwenye maji ya bahari papo hapo, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia kwenye sili hadi kwenye beringi. Kutu huanza siku hiyo hiyo. Angalia saa za maji kujaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ufike mapema ungoje nusu saa. Gusa habu kwa kiganja. Ukiweza kukiacha kiganja hapo bila kuungua, rudisha boti majini, kisha suuza trela kwa maji baridi ya kisima kabla ya kurudi barabarani.