Mbona ya mguu mifupa inafutika, ya moyo mbavu bado zipo?

Mkuu swali lako zuri, umeuliza kama kompyuta inafuta mifupa kwenye eksirei ya mishipa ya mguu kwa nini ya moyo mbavu bado zinaonekana. Iko hivi, ile ya mguu wanapiga picha kwanza kabla ya dawa, halafu wanapitisha dawa yenye ayodini wanapiga tena, kompyuta inatoa ya kwanza kwenye ya pili, kinachobaki ni dawa tu yaani mishipa. Kina Charles Mistretta pale Wisconsin, Marekani, waliifanyia kazi sana miaka ya 1970.

Sasa mguu unatulia, moyo hautulii hata ukibana pumzi, picha mbili hazikai sawasawa ukitoa unapata vivuli vya ajabu ajabu. Ndo maana kwa moyo wanatumia zaidi njia ya kupunguza chenga, yaani vile vidoadoa kwenye picha, wanachanganya fremu kadhaa (picha moja moja za video), ukiweka wastani wa fremu 16 chenga zinabaki robo, ila lazima kwanza zipangwe zikae pamoja.

Mi ninachokipenda ni cha stenti, kile kibomba cha wavu wa nyaya kinachowekwa kutanua mshipa wa moyo uliobana. Puto linaloibeba lina alama mbili ndogo zinazoonekana vizuri, programu inazishika hizo kwenye kila fremu, inalazimisha zikae sehemu moja, inajumlisha, basi mbavu zinafifia zenyewe na vile vinyaya vyembamba vya stenti vinatokea, daktari anaona kama imefunguka yote au kuna sehemu imebana. Na mionzi haiongezeki sana, sekunde chache tu za video zinatosha