Mwanangu, usiisaini karatasi ile

Mwanangu mpenzi,

Juzi usiku uliponipigia simu uliongea mengi, lakini swali lilikuwa moja. Binti yako ameshinda mita 1,500 za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya mkoa. Kabla hajavua hata namba kifuani akaja bwana mmoja na karatasi. Anataka kumpeleka kambini Arusha akimaliza darasa la saba, atamlipia ada, atamnunulia raba, na wewe uweke saini kabla mwezi haujaisha. Ukaniuliza: "Baba, nimwache aende au nimzuie? Nikimzuia si atanilaumu maisha yake yote?" Nikakuambia nitakuandikia. Sikutaka kukujibu kwenye simu kwa sababu ndani ya jibu langu kuna jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Jibu nakupa mapema, usije ukasoma huku moyo unakudunda: usisaini. Wala usimkataze kukimbia. Hayo mawili hayagombani, ingawa huyo bwana ameyapanga maneno yake ili uyaone yanagombana.

Unamkumbuka dada anayeuza vitunguu pale sokoni kwetu, yule aliyekuwa akikupa karanga kila nikipita nawe? Mguu wa kushoto anauvuta kidogo. Alikuwa mwanafunzi wangu. Akiwa na miaka 14 alishinda mita 800 asubuhi na 1,500 jioni, siku moja, peku, kwenye uwanja wenye mbigili. Akimaliza mbio haanguki chini kama wenzake. Anarudi taratibu mpaka pale alipoanzia, anaokota sweta lake, analikung'uta vumbi, analivaa. Nimefundisha michezo shule za msingi miaka mingi na sijaona mtoto mwingine aliyekimbia vile.

Mtu akaja na gari, na karatasi ya kurasa nne, yote Kiingereza. Baba yake hakujua kusoma. Akanipa mimi: "Mwalimu, inasemaje?" Nikasoma ukurasa wa kwanza, palipoandikwa habari za shule, viatu na matibabu. Kurasa tatu zilizobaki nilizipitisha macho tu. Jua lilikuwa linazama, yule mgeni hakuzima hata injini, nami nilikuwa nimejaa furaha ya mwalimu ambaye mtoto wake ameonekana. Nikamshika yule mzee mkono, nikalibonyeza dole gumba lake kwenye kidau cha wino, nikaliweka kwenye mstari. Aliondoka akijifuta wino kwenye pindo la shuka lake, na wino ule haufutiki kwa kitambaa kikavu.

Shule alisoma muhula mmoja. Akiwa na miaka 15 walishaanza kumkimbiza kilomita 10 za barabarani karibu kila mwisho wa wiki, kisha nje ya nchi. Zawadi zilikatwa chakula, kitanda, viatu na nauli ya ndege kabla yeye hajaona shilingi. Yote hayo yalikuwa yameandikwa ukurasa wa tatu, niliouona baadaye sana. Mfupa wa muundi ulipoanza kumuuma walimpa vidonge akakimbia. Ukapata ufa, akakimbia. Alirudi kwa basi akiwa na miaka 19, na begi moja.

Hajawahi kunilaumu. Mpaka leo akiniona anasema "Shikamoo mwalimu", ananichagulia vitunguu vikavu visivyo na michipukizi, na anaongeza viwili juu. Ndiyo maana, mama, uliposema neno "saini" nilinyamaza ukadhani simu imekatika.

Sasa usifikiri mzee wako anaogopa mbio. Ndoto ya mjukuu wangu naijua inakotoka kwa sababu nami niliiota. Mwaka 1974 nilikuwa kijana mdogo hapa hapa Mbulu, habari ikaja redioni kwamba Filbert Bayi ameshinda mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na ni rekodi ya dunia. Aliongoza tangu bunduki ilipolia mpaka utepe, na John Walker aliyekuwa akimfukuza naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Bayi ni mtu wa Karatu, na enzi hizo Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya yetu. Wiki ile hakuna mtoto aliyetembea kwenda kisimani. Wote tulikimbia, na ndoo zilifika nusu.

Utaniambia Bayi alikuwa na miaka 20 tu. Kweli. Mwaka uliofuata akachukua na rekodi ya maili, kule Kingston, Jamaika. Lakini fuatilia mpaka mwisho. Mwaka 1976 dunia nzima ilingoja yeye na Walker wakutane Montreal, na nchi za Afrika zikasusia Olimpiki kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Ulikuwa uamuzi wa haki, nami naunga mkono mpaka leo. Walker akachukua dhahabu bila Bayi uwanjani. Medali ya Olimpiki Bayi aliipata Moscow 1980, fedha, tena kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akiwa na miaka 27. Suleiman Nyambui naye akapata fedha ya mita 5,000. Mpaka Olimpiki ya Paris 2024 imepita, nchi yetu haijapata medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili. Pima mwenyewe mlango ulivyo mwembamba. Huyo bwana anayemwambia mtoto wa miaka 13 kwamba "atakuwa bingwa wa dunia" anampa ahadi isiyo mkononi mwake.

Mzee wetu John Stephen Akhwari, aliyeanguka Olimpiki ya Mexico 1968 akaumia goti, akafungwa bandeji akaendelea mpaka mwisho, alikuwa mtu mzima wa miaka 30 siku ile. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza marathoni, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia, giza limeshaingia. Goti lile lilibebwa na akili iliyokomaa. Mtoto hana akili hiyo bado, na hatupaswi kumdai.

Mtu ninayetaka umsimulie binti yako ni Alphonce Simbu wa Singida. Mwaka 2016 alikuwa wa tano marathoni ya Olimpiki Rio. Mwaka 2017 akapata shaba ya ubingwa wa dunia London, na sote tukasema sasa zamu yetu imefika. Haikufika. Olimpiki ya Tokyo akawa wa saba. Mwaka 2022 akachukua fedha ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham. Paris 2024 akawa wa 17, na nakumbuka watu kwenye kahawa hapa wakisema ameisha. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Halafu Septemba 2025, Tokyo, baada ya kilomita 42, akaingia uwanjani pamoja na Amanal Petros wa Ujerumani wakiminyana mpaka mstari wa mwisho. Wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi iangaliwe picha. Simbu alikuwa mbele kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha, na siku ile mwenye nayo alikuwa na miaka 33.

Miaka 33, mwanangu. Toa 13, inabaki 20. Mwulize huyo bwana kwa nini anataka saini yako kabla ya mwisho wa mwezi.

Kuna jambo la mwili pia, na hapa unisamehe, ni mambo ambayo kwa desturi baba hayaongei na binti yake. Ila nimelea watoto wa watu uwanjani na kunyamaza kwangu kungekuwa dhambi. Mjukuu wangu amewapita wenzake kichwa kizima. Mtoto aliyewahi kukua huwashinda wenzake kwa sababu amewatangulia, na miaka miwili mitatu baadaye wanamfikia. Kwa msichana kuna la zaidi. Nyonga zinapanuka, uzito unaongezeka, na muda wake unaweza kurudi nyuma mwaka mmoja au miwili. Huo si uvivu, ni ukuaji, na akiachwa ale vizuri na alale vizuri anatoka upande wa pili ana nguvu kuliko mwanzo. Kocha mwenye haraka hapo ndipo anapompunguzia chakula. Msichana akila kidogo huku anakimbia sana hedhi inakatika, na ikikatika muda mrefu mifupa inapoteza uimara wake. Wengine huona ni nafuu, hata makocha hufurahi. Ule ufa wa muundi niliokusimulia, leo naamini ulianzia kwenye sahani.

Hata sheria za riadha za dunia zinalijua hili: aliye chini ya miaka 20 haruhusiwi kukimbia marathoni kwenye mashindano ya ubingwa. Barabara haina haraka naye.

Na kwa Wakenya tusione aibu kujifunza. Pale Iten, shule ya St. Patrick's, bruda mmoja wa Kikatoliki kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika 1976 kufundisha jiografia, akaishia kulea mabingwa, akiwemo David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London 2012. Kambi zake za vijana zilikuwa za likizo. Shule zikifunguliwa, mtoto yuko darasani. Faith Kipyegon alikimbia mbio za nyika za dunia za vijana mwaka 2010 akiwa peku, akawa wa nne. Mwaka uliofuata akashinda. Dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 akaipata 2016, akajifungua binti 2018, akarudi akachukua tena Tokyo na tena Paris. Mwonyeshe mtoto picha zake, atalala nazo chini ya mto.

Lakini Iten hiyo hiyo ndiko alikouawa Agnes Tirop, nyumbani kwake, Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, wiki chache baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za wanawake pekee. Alikuwa bingwa wa nyika wa dunia akiwa na miaka 19. Kifo chake kiliwafanya wanariadha wa kike Kenya waseme hadharani yale waliyokuwa wakiyameza: fedha zao kushikwa na wanaume, vipigo, wasichana wadogo kuwa chini ya mtu mmoja ambaye ndiye kocha, ndiye mlezi, ndiye mwenye ufunguo. Nakuomba neno hilo la ufunguo ulishike. Kabla ya habari za raba na ada, mwulize yule bwana wasichana wanalala wapi, mwanamke gani anakaa nao usiku, na nani mwingine ana ufunguo wa chumba hicho.

Kisha mwambie akupe nakala ya karatasi kwa Kiswahili, ukae nayo. Ipeleke kwa afisa michezo wa wilaya, na kwa mwanasheria pia, hela ya mwanasheria nitatuma mimi, nimeshauza mahindi. Mawakala wa riadha kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya zawadi. Angalia yeye anachukua ngapi, kwa miaka mingapi, na nani anamtibu mtoto akiumia. Mtu mwenye nia njema hachukii maswali hayo. Akichukia, mpe chai, umsindikize.

Mtoto aende kidato cha kwanza Januari kama wenzake. Sekondari kuna UMISSETA, uwanja hautamkosa. Siku tatu kwa wiki zinamtosha kwa sasa, na siku nyingine acheze netiboli au aruke kamba na marafiki zake.

Kuhusu lawama: huenda akakulaumu. Atanuna, atakataa ugali siku mbili, atasema mama hakuniamini. Pokea. Mwambie ni babu aliyekataa, hasira azilete huku, nina kifua cha kuzipokea. Akifika miaka 18, akiwa amesoma, anajua Kiingereza cha kusoma kurasa zote nne mwenyewe, atasaini kwa mkono wake na mimi nitampeleka stendi.

Likizo ya Desemba mlete. Saa yangu ya kupimia muda nimeibadilisha betri, na kutoka kwetu mpaka darajani ni kilomita mbili na ushei, nusu yake mlima. Nitakaa darajani. Yule dada wa vitunguu nilimweleza habari hizi jana, akaniuliza mtoto anakanyagaje, kwa kisigino au kwa vidole. Nilikuwa sijui. Akasema basi siku hiyo atafunga meza mapema, atakuja kumwangalia mwenyewe.

Baba yako