Chemchemi ni safi, bidoni je?

SWALI: Mama muuguzi, jambo. Mwaka jana walitutengenezea chemchemi hapa kwetu: ukuta wa saruji, mabomba mawili, maji baridi na maangavu. Zamani tulikuwa tunateka mtoni, bondeni. Mbona watoto wangu wawili wadogo bado wanaharisha? Mama mkwe anasema maji ya mto yalikuwa na nguvu kuliko haya. Nirudi mtoni?
Mama wa watoto wanne, Walungu

JIBU: Usirudi mtoni, mama. Nakusihi.

Mimi nilikulia Kabare, na mto wa namna hiyo naujua kwa mgongo wangu. Tuliamka saa kumi za alfajiri, mama mbele, mimi nyuma na bidoni ya lita 20, kilo 20 hizo, kamba imenibana kwenye paji la uso. Shuleni nilikuwa naingia wenzangu wamekwisha kusalimia bendera. Paji la mama lilibaki na alama ya ile kamba mpaka tulipomzika. Kwa hiyo nikiulizwa chemchemi iliyotengenezwa inabadili nini, nahesabu kwanza asubuhi ya msichana.

Maji yenu yaelekea hayana kosa pale bombani. Wanaojenga huchimba mpaka kwenye jicho la chemchemi, wakapanga mawe na changarawe, wakafunika kwa udongo wa mfinyanzi, ndipo maji yanaingia bombani bila kuguswa na ng'ombe wala mkono wa mtu. Nadhani yanachafuka yakishatoka hapo.

Ingiza kidole kwenye mdomo wa bidoni yako. Kuna utelezi? Siku moja pale kituoni nilipasua bidoni ya manjano kwa kisu, mbele ya akina mama waliokuja kupima watoto. Mwenyewe aliniruhusu, alikuwa anaisuuza kila siku, wala hakuwa mvivu. Ndani, ukijani ulikuwa umeganda chini kote kama ukoko wa sufuria. Kizibo kilikuwa gunzi la mahindi lililooza upande mmoja. Akina mama walinyamaza kimya, kisha mmoja akainuka kwenda kuangalia ya kwake.

Kusuuza hakutoshi. Tia kokoto ndogondogo kiganja kimoja, maji kidogo na sabuni, utikise mpaka mkono uchoke, kisha usuuze mara tatu. Fanya hivyo kila juma. Gunzi litupe, tafuta kizibo cha kweli. Tena usimimine maji ya kunywa kwenye beseni ambalo kila mtoto anachota kwa kikombe chake, maana mkono uliotoka chooni unazama pamoja na kikombe. Yaache ndani ya bidoni, umimine.

Makala ya kuwashia moto yakipatikana, wachemshie hao wadogo. Kama nyumba yenu iko juu ya mita 2,000, maji huko hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Yakianza kutokota, hesabu dakika 3 ndipo uepue.

Kwa wanaoharisha sasa: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Wanyweshe kidogo kidogo, na anayenyonya usimkatize ziwa. Kituoni omba zinki, vidonge vya mtoto anayeharisha. Ila mtoto akitoa choo kama maji ya kuoshea mchele, usingoje hata kuche, mpeleke. Sisi wa Kivu kipindupindu tunakijua.

Mama mkwe usimbishie. Anachokiita nguvu ni ladha ya udongo aliyoizoea tangu utoto. Mwombe yeye awe mlinzi wa bidoni ya kunywa: asiguse mtu ila kwa ruhusa yake. Nimeona nyumba ambazo bibi ndiye aliyewashinda wote kwa ukali wa kizibo.

Halafu chungulia juu ya chemchemi. Kama kuna aliyechimba choo karibu, umbali usiofika mita 30, ieleze komite ya maji wiki hii hii.

Niandikie tena baada ya majuma mawili. Uniambie wadogo wanaendeleaje, na hao wakubwa siku hizi wanafika shuleni saa ngapi.