Kabla ya kumfunga punda mkokoteni, nyanyua mguu

Februari mwaka juzi, punda wangu Zawadi alianza kuukanyagia kwa uangalifu mguu wa mbele wa kulia. Aliendelea kuvuta mkokoteni wa maji, madumu 10 ya lita 20, nami nikadhani ni uchovu. Siku ya tano alisimama katikati ya njia, akagusisha ncha tu ya ukwato chini, akagoma. Kijana wangu akainua fimbo. Nashukuru nilimzuia.

Punda huficha maumivu, ndugu zangu. Ukimwona anachechemea kidogo, ujue tatizo lilishakuwa kubwa.

Jirani anayesifika kwa kukata kwato alikuja na panga. Aliuweka mguu juu ya gogo, akakata mbele kwa pigo moja. Damu ikatoka. Akapaka oili chafu ya gari, akaniambia nisubiri siku tatu. Siku ya tatu ukwato ulikuwa wa moto ukiushika, na juu, pale nywele zinapoanzia, ngozi ilipasuka, ukatoka usaha mweusi wenye harufu mbaya.

Daktari wa mifugo alipouosha mguu alinionyesha, kwa ncha ya kisu, punje ya changarawe iliyokuwa imezama kwenye mstari mweupe chini ya ukwato. "Hapa ndipo ukuta unaposhikana na wayo," alisema. "Nje ya huu mstari ni kama kucha yako, ukikata haumi. Ndani ni nyama." Alilifungua jipu upande wa chini, akamloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha akamchoma sindano ya pepopunda. Jina la ugonjwa limebeba habari yake: punda na farasi huupata kwa urahisi mno, na jeraha la ukwato kwenye zizi lenye samadi ni mlango wake.

Tangu siku hiyo simfungi punda bila kunyanyua miguu yote minne. Simama ubavuni karibu na bega, uso wako uelekee mkiani, telezesha mkono kutoka begani hadi chini, umwachie muda akupe mguu mwenyewe. Usimvute. Ondoa uchafu kwa kijiti kigumu au chuma butu, ukianzia kisiginoni kwenda mbele. Katikati utaona sehemu laini ya pembetatu, inayobonyea kidogo kama mpira. Pitisha kijiti kwenye mifereji ya pembeni yake, kisha unuse. Ikiwa nyeusi, inalainika na inanuka, imeanza kuoza.

Huku Igunga hili ni la masika hasa. Tope jeusi la mbuga hushika kwato kama gundi, na punda akilala zizini kwenye maji na mkojo, ukwato hulainika, vijidudu vikaingia. Mimi nimeinua kona moja ya zizi kwa changarawe na mchanga ili walau apate pa kukauka. Kiangazi ardhi inakuwa ngumu kama tofali, na ukwato ulioachwa mrefu hupasuka.

Kupunguza ni kila wiki 6 hadi 10, kwa koleo la kwato na tupa, kidogo kidogo. Panga liache shambani. Na anayekukatia awe anajua punda: ukwato wake ni mwembamba na umesimama wima kuliko wa farasi. Akiulaza ufanane na wa farasi, anaumiza mishipa ya nyuma ya mguu.

Watu huniuliza kama punda avalishwe viatu vya chuma. Punda wengi hawavihitaji. Farasi wa kazi kwenye barabara ngumu huvalishwa kwa sababu ukwato unalika haraka kuliko unavyoota, na hata hivyo fundi huving'oa kila wiki 6 hadi 8, akapunguza ukwato, akavirudisha. Misumari hupita kwenye ukuta usio na uhai tu. Ikikosea kidogo, inachoma nyama. Sijamwona mtu huku ninayeweza kumkabidhi kazi hiyo, na ukwato uliopunguzwa vizuri unatosha.

Jambo moja la chakula, maana wengi hawalihusishi na miguu: usimwage pumba au mahindi mengi kwa punda eti umzawadie baada ya kazi. Akivimbiwa nafaka, nyama inayoshika mfupa ndani ya ukwato huvimba, na mfupa unaweza kuzama. Nyasi kavu na mabua vinamtosha, pumba ziwe kiasi tu.

Usaha ulipopasukia juu, uliacha ufa mdogo wa kulala kwenye ukwato wa Zawadi. Ukwato huota takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo ufa ule ulishuka polepole mbele ya macho yangu. Desemba ulifika chini, nikauondoa kwa tupa mwenyewe, daktari akiwa amesimama pembeni ananitazama mkono.