Diski ya pili imeficha zote mbili

Sheikh wangu, kompyuta ilikuwa inawaka vizuri hapo Chake, umeongeza diski ya pili kwenye ule utepe mpana (waya wa IDE, wa diski za zamani) na sasa BIOS, ile programu ya mwanzo inayotafuta diski kabla ya Windows, haioni hata moja. Windows haina kosa, na usifomati kitu. Inavyoonekana diski zote mbili zimewekwa masta (ya kwanza kwenye utepe), hakuna iliyo slevu (ya pili), zinagombania nafasi.

Zima, chomoa waya ukutani. Nyuma ya diski, baina ya tundu la utepe na la umeme, utaona kijipande cha plastiki, ndiyo jampa, linaloipangia diski kuwa masta au slevu. (Tandika kitambaa cheupe, likianguka kwenye jamvi huliwahi.) Yenye Windows iwe masta, mpya iwe slevu. Mchoro wa mahali pa kulivisha umebandikwa kwenye diski yenyewe.

Ila kama ya zamani ni Western Digital, itazame vizuri: ikikaa peke yake huwa haivai jampa, lakini ikipata mwenziwe lazima uivishe la masta. Wengi hukwama hapo.

Ukiweka zote CS (Cable Select, yaani utepe wenyewe ndio unaochagua), kwenye utepe wa nyaya 80 ncha nyeusi ni masta, ya kijivu slevu, buluu ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta). Diski za SATA, aina mpya zaidi yenye waya mwembamba, kila diski na wake, hazina ugomvi huu.