Jibu: Kwa nini watu hawaichoki Midsomer Murders, na uanzie wapi

Mkuu, umeuliza Midsomer Murders, tamthilia ya upelelezi ya Uingereza iliyoanza 1997, inawashikaje watu mpaka leo, na kama lazima uitazame kwa mfuatano. Si lazima. Kila kipindi ni kesi inayojitegemea, takriban dakika 90. Anza na cha kwanza, The Killings at Badger's Drift. Ukirukia vya Machi 2011 kuendelea utamkuta mpelelezi mkuu, Barnaby, ni mwingine: Tom (John Nettles) kastaafu, na binamu yake John (Neil Dudgeon) kashika nafasi.

Utamu wenyewe uko kijijini. Maonyesho ya maua, kengele za kanisa, mashindano ya kriketi, na chini yake chuki ya miaka 30 kuhusu shamba au mtoto wa nje ya ndoa. Tom naye hana mikosi ya wapelelezi wengi wa runinga. Hanywi kupindukia, ndoa yake imetulia, anarudi nyumbani kula mapishi mabaya ya mkewe Joyce. Napenda sana hilo.

Wengi hupotea mapema kwa sababu wahusika ni wengi na wote wana siri. Andika majina, na kando yake nani anarithi nini. Kisha subiri mauaji ya pili. Mara nyingi anayeuawa hapo aliona kitu, akanyamaza au akamdai muuaji pesa. Rudisha nyuma uangalie alikuwa amesimama wapi na angeweza kuona nini. Hapo orodha ya washukiwa hupungua haraka.